Pima-Tena na Kopo la Kipanga

Watoto wote huzaliwa wakilia. Huyu, mama yake alikuwa akisimulia, alitoka kimya, akamtazama mkunga kwa jicho la pembeni kama anayeuliza, "Na wewe nani kakutuma?" Inawezekana mama alitia chumvi. Lakini kila anayemjua mzee huyu husikia kisa hicho na kutikisa kichwa tu, kwamba ndiyo, ni yeye.

Kazi ilimpata kama kiatu kimpatavyo mguu. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa mizani. Alipita madukani na sokoni akiinua mawe ya kilo, akiyageuza kitako juu, akitafuta lililotobolewa tumbo. Alijua sumaku inakobandikwa. Alijua kidole gumba cha muuza nyama kinavyojilaza kwenye sahani kama mgonjwa. Alijua chupa ya mafuta iliyobonyea kwa ndani, ikionekana imejaa na haijajaa. Na mfanyabiashara akishapima mbele yake, akatabasamu, akakunja mikono, yeye alikuwa na neno moja tu: "Pima tena." Likawa ndilo jina lake. Amestaafu, ameota mvi mpaka za masikioni, na mtaani bado ni Pima-Tena. Hata jirani akimsalimia "Habari za asubuhi?" humtazama kidogo kwanza kabla ya kujibu, isije ikawa mwenzake ana lake.

Aliishi na dada yake mkubwa, yeye mgane, dada mjane. Dada alikaa upande wa barabarani, kwenye chumba chenye cherehani mbili na stoo ndogo ya vitambaa. Yeye alikaa upande wa uani, ambako angeweza kuona nani anaingia na nani anatoka. Katikati ya uwanja, chini ya paa la mabati, palikuwa na gari.

Gari lilikuwa la dada. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu Pima-Tena alilizungumzia kama lake. Dada alilinunua akiwa msichana, kwa fedha ya kushona sare za shule, wakati ambao mwanamke akishika usukani watu walitoka nje kutazama. Ni gari la zamani, lile la pua ndefu na taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Rangi yake aliichagua mwenyewe: kijani cha ganda la pera linalokaribia kuiva, si kijani hasa, si manjano hasa. Miaka ikapita, jua likailamba, mtu akaja kuibandika nyekundu, mwingine akaibandika nyeupe, mwisho likabaki na madoa kama mtoto mwenye surua. Ile ya kwanza ilibaki sehemu moja tu, chini ya mpira wa mlango, mahali ambapo jua halijawahi kufika.

Sasa dada macho yalikuwa yanamwacha. Presha ya macho. La kushoto lilishazima. La kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alisema watalipasua kujaribu kuokoa kilichobaki, tena alisema "kujaribu," na hakulisema neno lile kwa sauti ya kupendeza. Akawapa tarehe ya mbali kidogo, kwa kuwa vitanda vilijaa.

Walipofika nyumbani dada hakulia. Alikaa kwenye kiti chake cha kushonea akasema, "Mdogo wangu, nataka kitu kimoja. Lipake gari rangi yake. Nilione mara moja kabla hawajaniingiza kisu."

"Hilo tu?" Pima-Tena akasema.

"Hilo tu."

Lingekuwa jambo jepesi kwa mtu mwingine yeyote.

Mtaani alikuwepo fundi wa kupuliza rangi, hodari, mtu wa maneno machache. Walimwita Fundi Mluzi kwa sababu akishika kazi alipiga mluzi kuanzia asubuhi mpaka anapofungasha. Kwa Pima-Tena hiyo peke yake ilikuwa kesi. Mtu anayepiga mluzi kazini, alisema, ana jambo analolizibia watu masikio.

Fundi alikuja, akalizunguka gari, akagonga milango kwa kifundo cha kidole, akabandua mpira wa mlango akaitazama ile rangi ya kwanza kwa muda mrefu.

"Hii tutaipata," akasema. "Ila tumia Kipanga. Usitumie nyingine."

Kipanga ni rangi ya kopo jekundu lenye picha ya ndege huyo amekunjua kucha. Ilikuwa ghali kuliko zote dukani.

"Kwa nini Kipanga?" akauliza Pima-Tena.

"Inashika."

"Na wewe wanakushikisha nini ukiwapelekea wateja?"

Fundi akamtazama dada, dada akatazama upande ambao alidhani fundi yupo. "Mzoee tu, baba," dada akasema. "Huyu tangu mtoto, hata uji alikuwa anaunusa kabla ya kuunywa."

"Mimi nasema ninachokijua, mzee," fundi akasema. "Rangi ni yako, gari ni lenu."

Pima-Tena akalala na neno hilo, akaamka nalo. Fundi anakusifia bidhaa ya gharama bila kuulizwa mara mbili, kuna mkono wa mtu mfukoni mwake. Kwa hiyo, bila kumwambia mtu, akaenda duka la rangi kununua kitu kingine chochote ambacho si Kipanga.

Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, nyuma yake ile mashine ya kuchanganyia rangi, inanguruma kama jokofu bovu. Pima-Tena akamwekea kaunta kibanzi cha rangi ya pera alichokikwangua chini ya mpira wa mlango. Mama akaipima kwa kifaa chake, akabonyeza bonyeza, akasema inapatikana, kwa Kipanga au kwa Pomboo.

"Ipi nzuri?"

"Zote nzuri, mzee. Kipanga inadumu zaidi, Pomboo ni nafuu."

"Muuza duka akisema zote nzuri, ana maana ipi?"

"Ana maana kuna wateja nyuma yako."

Akaomba kopo la Pomboo, la bluu, lenye samaki anayeruka. Akaligeuza kitako juu. Akalitikisa. Akalisogeza sikioni.

"Mzee, hilo si tikiti maji," mama akasema. "Huligongi ukajua limeiva."

Pima-Tena akatoa mfukoni mizani yake ndogo ya kuning'iniza, ile yenye ndoano.

"Umekuja na mizani?!"

"Wewe hutembei na simu?"

Akalipima. Likawa sawasawa. Akasema, "Pima tena," ingawa aliyekuwa akipima ni yeye mwenyewe. Likawa sawasawa tena, jambo ambalo lilimkera kidogo.

Nyumbani alipaka vipande vya bati, akavianika juu ya paa la jiko, akakaa chini akiviangalia kama mtu anayekausha samaki akiogopa paka. Kila siku alipanda ngazi. Dada alikuwa akisikia ngazi inalia.

"Bado tu?" aliuliza.

"Rangi ni kama mtu, dada. Usimwamini mpaka umwone jua limemchoma."

"Na mimi je? Jua langu linazama, wewe uko juu ya paa."

Alichovya kitambaa kwenye petroli akafuta kipande kimoja. Kitambaa kikarudi kijani. Akafuta kingine, kijani tena. Pomboo ilikuwa inatoka kama poda ya bibi harusi aliyelia.

Basi hapo mtu mwingine angeenda kwa fundi akasema, "Ulisema kweli, samahani." Pima-Tena alirudi dukani kimyakimya akanunua Kipanga, rangi ileile ya pera, akapaka bati, akapanda paa, akashuka, akapanda. Akafuta kwa petroli. Kitambaa kikarudi kilivyokwenda. Akafuta kwa nguvu mpaka bega likauma. Hakuna kitu. Akabaki amesimama juu ya ngazi na kitambaa chake kisafi, hana furaha hata kidogo, maana sasa ilimbidi amwogope mtu mwingine: kama Kipanga ni nzuri namna hii, basi itaibiwa.

Wakati huo Fundi Mluzi alishaanza kazi pale pale uwanjani. Alikuwa ameleta kompresa yake, amekwangua madoa yote, amenyoosha mabonde, amepiga msasa mpaka gari likawa laini kama shavu, kisha akalipaka praima, ile rangi ya chini, ya kijivu. Lilibaki kupulizwa tu. Na kila siku aliuliza, "Mzee, rangi iko wapi nianze?" na kila siku Pima-Tena alisikia, "Mzee, rangi iko wapi niibebe?" Aliona mambo. Aliona fundi ana begi kubwa kuliko jana. Aliona fundi amekunywa maji upande wa stoo. Alijua mafundi wengine wanamimina Kipanga kwenye chupa zao na kumpakia mtu takataka kutoka kopo lilelile. Mambo hayo hata kwenye mafuta ya taa aliyakamata sana.

Siku moja dada alipokwenda kukaa kwa jirani, Pima-Tena alijifungia stoo na ndoo tupu. Akamimina Pomboo kwenye ndoo. Akamimina Kipanga kwenye kopo la Pomboo. Akaimimina Pomboo kwenye kopo la Kipanga. Akagongomea vifuniko kwa nyundo ya mpira, akafuta michirizi, akasimama akiyatazama makopo yale mawili huku anacheka peke yake kwa puani. Mwizi akija, atakwenda na kopo jekundu lenye ndege. Mali iko kwenye la bluu. Siku ya kupuliza yeye atasimama hapohapo, atasema, "Fundi, chukua la Pomboo," fundi atashangaa, na huo mshangao wenyewe utamwambia mengi. Hakumwambia mtu. Hata dada hakumwambia. Mwanamke anayeshona anapokea wateja, na wateja wana masikio.

Makopo yake hayo mawili aliyafungia stoo, ufunguo akautia mfukoni. Alichosahau ni kwamba stoo ilikuwa ya dada kabla yeye hajahamia, na mtu mwenye stoo huwa ana ufunguo wa pili.

Kesho yake, kabla ya kufika saa ya chai, hospitali wakapiga simu. Kitanda kimepatikana. Mgonjwa aje leo.

Dada alivaa polepole. Wakati wa kutoka alisimama kando ya gari, akalipapasa boneti. Alilisogelea kwa lile jicho lake la tundu la ufunguo mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Kijivu," akasema.

"Dada, ningejua..."

"Ulikuwa na siku zote hizo, mdogo wangu. Nimelisubiri likiwa na madoa, nimelisubiri likiwa kijivu. Nikirudi sioni, utanisimulia. Sijui kama nitakuamini, maana umenifundisha."

Ilimwingia mahali. Akageuka kwenda kutafuta teksi barabarani, na alipotoka tu, dada akamwita Fundi Mluzi kwa mkono.

"Baba, huyu hatakuwepo kunusanusa. Shika." Akamtia ufunguo kiganjani. "Mna makopo mawili humo ndani, nimeyachungulia, jekundu na la bluu. Gari lipulize Kipanga, kama ulivyosema tangu mwanzo. Ile Pomboo aliyoinunua kwa ubishi wake isipotee bure, nipakie geti. Kama Mungu ameniachia jicho, nikute tayari."

"Na mzee?"

"Mzee mwachie mimi. Nimemlea."

Hospitali walikaa siku kadhaa. Pima-Tena alilala kwenye benchi la korido, akamuuliza nesi tarehe ya mwisho ya matumizi ya kila dawa, akaomba kuona chupa, akaomba kuiona tena. Nesi mmoja alimwambia, "Baba, ukitaka uje umpasue wewe." Walipomfungua dada bandeji, daktari alisimamisha vidole mbele yake.

"Vingapi?"

Dada akakaza jicho la kulia. Pima-Tena akaanza kuvihesabu yeye.

"Viwili," dada akasema. "Na mwambie ndugu yangu asikuulize kama ni viwili kweli."

Kilichobaki kilikuwa kimeokoka. Si kingi, ukungu ulikuwepo, lakini kilikuwepo. Pima-Tena akaenda chooni akakaa huko kidogo, akarudi na macho mekundu akisema kuna vumbi.

Teksi ilipoingia mtaani kwao, dada ndiye aliyeona kwanza.

"Simama, dereva! Geti langu!"

Geti lilikuwa kijani cha pera. Linang'aa mpaka mti wa ng'ambo unajiona ndani yake. Dada alishuka mwenyewe, hakungoja mkono wa mtu, akaligusa, akacheka kama msichana. Kisha akasukuma. Chini ya paa la mabati gari lilikuwa limesimama, kijani chote, pua ndefu, taa za mviringo, kama siku ile ya sare za shule. Fundi Mluzi alikuwa pembeni na shati safi, ameacha mluzi kwa heshima.

Dada alilizunguka gari, mkono haugusi, unaelea juu yake tu. Alipofika mlango wa dereva akasema, "Ndilo hili." Halafu akalia, na fundi akaangalia chini, na hata dereva wa teksi, ambaye hakujua chochote, akavua kofia.

Pima-Tena alikuwa bado getini. Alilitazama geti. Akalitazama gari. Akalitazama geti. Uso ukamshuka kama turubai lililokatika kamba.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo. "Umepaka gari kwa kopo lipi?"

"La Kipanga, mzee. Jekundu. Na geti kwa la Pomboo. Dada ndivyo alivyoagiza."

"Hukuona kitu?"

Fundi akajikuna shingo. "Niliona. Kipanga ilikuwa nyepesi kidogo, nikasema hata hawa siku hizi wanachakachua. Na ile Pomboo getini ikanata kama asali. Nikasema kumbe wamejirekebisha. Nimeshawasifu kwa watu wawili."

Pima-Tena akakaa juu ya jiwe la kuzuilia geti. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini mtu aliyeishi kwa kufichua mizani ya wenzake hawezi kukaa na jiwe lililotobolewa tumboni mwake. Akayasema yote: ndoo, nyundo ya mpira, ndege kuwa samaki na samaki kuwa ndege.

"Kwa hiyo," fundi akasema polepole, "mzee ulikuwa unanitega mimi."

"Nilikuwa natega mwizi."

"Mwizi gani mwingine alikuwa anaingia humu kila siku?"

Fundi akaanza kukunja mipira ya kompresa, taratibu, bila mluzi, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko matusi. Huyu ndiye aliyeacha kazi zake nyingine, akapuliza gari la watu bila mtu wa kumsimamia, kwa sababu dada alimshonea ovaroli ya kwanza alipoanza ufundi. Mtego wa panya, wanasema, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Lakini ni nadra aingie mwenye kuutega, tena akiwa amekwenda hospitali.

Ghafla dada akacheka. Alianza kidogo, halafu akashika boneti asianguke.

"Yaani mimi nina geti la kifalme na gari la mkosi!"

"Nitanunua Kipanga nyingine," Pima-Tena akasema haraka. "Fundi atalikwangua, atalipaka upya. Tena safari hii anunue yeye. Ailete yeye. Mimi sitafungua hata kifuniko." Kwa mtu wa namna yake, hayo yalikuwa sawa na kupiga magoti.

Fundi akasimama na mpira mkononi. Akamtazama dada.

"Hakuna atakayelikwangua," dada akasema. "Mnataka mnirudishie kijivu? Jicho hili sijui nimepewa mpaka lini. Leo limeona gari langu. Rangi itoke, isitoke, nimeliona. Ila wewe," akamgeukia ndugu yake, ingawa alimkosa kidogo akawa anaiambia nguzo, "mwombe mwenzako radhi kwa mdomo, si kwa makopo."

Pima-Tena akasimama. Akasafisha koo. Akasafisha tena. "Fundi, nimekukosea. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza."

Fundi akaukunja ule mpira mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pima tena, mzee. Sijasikia vizuri."

Ikabidi alirudie.

Yaliyofuata mtaa mzima unayajua. Msimu mmoja wa jua ulitosha: gari likaanza kupauka, ukilipitishia kiganja unaondoka nacho kijani. Dada hajali, analipapasa, anajifuta kwenye kanga, anasema Pomboo anaogelea. Fundi Mluzi anakunywa chai pale uwanjani, na akiulizwa na wateja rangi ipi nzuri, huwaonyesha geti bila kusema neno.

Geti bado linang'aa. Dada akirudi kutoka kwa jirani, mtaa wote kwake ni ukungu mtupu, kasoro mahali pamoja penye kijani cha pera. Analenga hapo, anafika kwake bila kushikwa mkono.

Na Pima-Tena? Kila baada ya siku chache utamkuta getini asubuhi, amechuchumaa, kitambaa mkononi kinanuka petroli. Anafuta kona ya chini, anakigeuza kitambaa juani, anakichunguza upande huu, anakichunguza upande ule. Kisafi. Anatikisa kichwa, anachovya tena.